Foleni ya upasuaji wa masikio wakati wa UVIKO-19: tathmini ya kliniki iliyotuhudumia

Mwanzoni mwa Aprili 2020, wiki tatu kabla ya tarehe ambayo binti yangu wa miaka tisa alipangiwa kufanyiwa upasuaji wa sikio la kushoto, nilipigiwa simu na kliniki ya masikio, pua na koo nikaarifiwa kwamba upasuaji wote usio wa dharura umesimamishwa. Kaka yangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, alikuwa kwenye orodha ya kliniki hiyohiyo kwa tatizo jingine kabisa: mfupa wa kikuku katika sikio lake la kulia ulikuwa umeganda, usikivu ukampungua mwaka baada ya mwaka, naye alikuwa akisubiri kuwekewa kipande cha bandia badala yake. Kwa hiyo foleni ile tuliiona kutoka pande zote mbili, kwa mgonjwa aliyevutwa mbele na kwa mgonjwa aliyerudishwa nyuma. Ninachotathmini hapa ni namna kliniki ilivyoamua nani atangulie, ilivyotueleza uamuzi huo, na ilivyowatunza waliobaki wakisubiri. Mikono ya madaktari sina neno nayo; ilifanya kazi yake vizuri kwa wagonjwa wetu wote wawili.

Nianze na haki ya kusimamisha, kwa sababu nimewasikia wazazi wengi wakilalamika kwamba masikio yalidharauliwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza ugonjwa huo kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na kila hospitali ilikuwa ikihesabu vitanda, mashine za kupumulia, dawa za usingizi na wauguzi waliobaki wazima. Lakini sikio lilikuwa na sababu yake ya pekee. Sikio la kati halikufungwa kama sanduku. Limeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, na utando unaolifunika kwa ndani ni wa jamii moja na utando wa njia ya hewa. Daktari anapotaka kufika ndani kupitia mfupa wa mastoidi, ule ulio nyuma ya sikio, hutumia keekee inayozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika huku maji yakimiminwa kupooza mfupa, na kinachoruka kutoka pale ni ukungu wa maji, damu na vumbi la mfupa unaoelea katika chumba ambamo watu wanavuta pumzi. Mwezi Julai mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walichapisha uchunguzi wa watu watatu waliofariki wakiwa na UVIKO-19, na katika wawili kati yao virusi vilipatikana katika sikio la kati au mastoidi. Watu watatu ni wachache mno kuweka kanuni, lakini walitosha kuonyesha kwamba tahadhari ya Aprili haikuwa woga mtupu.

Hatari nyingine ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe. Utafiti wa CovidSurg uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Mei 2020, uliofuatilia wagonjwa 1,128 katika hospitali 235 za nchi 24, ulikuta kwamba kati ya waliofanyiwa upasuaji wakiwa na maambukizi hayo au walioyapata karibu na siku ya upasuaji, asilimia 23.8 walifariki ndani ya siku 30. Hao walikuwa wagonjwa wa upasuaji wa kila aina, wengi wao wakiwa na hali nzito kuliko ya binti yangu, na nisingependa mtu aichukue namba hiyo akaitia hofu katika kila nusukaputi. Hata hivyo, baada ya kuisoma nilielewa kwa nini daktari hakutaka kumlaza mtu mezani kwa jambo linaloweza kungoja.

Simu ile ya kwanza ilikuwa ya daktari mwenyewe, na hilo nalihesabu kuwa jambo la kwanza walilolifanya vizuri. Hakuniuliza sikio la mtoto linauma kiasi gani. Aliniuliza maswali yaliyolenga mbele: akingoja mwezi mmoja, nini kitaharibika, akingoja miezi mitatu, nini kitaharibika, na kitakachoharibika, je, kinaweza kutengenezwa baadaye au ndiyo basi? Akanieleza kwamba kila mgonjwa aliyekuwa kwenye orodha yao anapitishwa katika maswali hayohayo na kuwekwa kwenye ngazi moja kati ya nne, akanitajia ngazi ya binti yangu, na akanieleza ni dalili zipi zingemfanya apandishwe. Nimewahi kuhudumiwa sehemu nyingi ambako mgonjwa huambiwa uamuzi bila kuambiwa kipimo kilichotumika. Hapa tuliambiwa vyote viwili.

Ngazi ya kwanza ilikuwa ya wale ambao hawawezi kungoja hata siku chache. Huko waliwekwa wenye usaha wa mastoidi uliokwisha kufanya jipu nyuma ya sikio au uliokwisha kupenya kuelekea kwenye ubongo, waliopooza upande mmoja wa uso kwa sababu ya maambukizi ya sikio, na watoto waliojitia sikioni zile betri ndogo za duara kama za saa, ambazo zinaweza kuanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili na kwa hiyo haziulizi kama kuna janga au hakuna. Ngazi ya nne, ya kungoja zaidi ya miezi mitatu, ilikuwa ya wenye tundu kavu kwenye kiwambo cha sikio, wenye mfupa wa kikuku ulioganda kama kaka yangu, na sehemu kubwa ya watoto waliosubiri kutiwa vijirija vya kutoa majimaji yaliyotuama nyuma ya kiwambo. Kuhusu hao wa mwisho kliniki ilipata bahati ambayo iliitumia kwa busara: watoto walipokaa nyumbani bila kuambukizana mafua, wengi masikio yalikauka yenyewe, na kabla ya kumrudisha mtoto yeyote mezani walimpima usikivu upya. Baadhi yao waliondolewa kwenye orodha bila kuguswa na kisu, na nadhani hata nyakati za kawaida inafaa ifanyike hivyo.

Kilichonigusa zaidi ni ngazi za katikati, kwa sababu hapo ndipo inapojulikana kama mpanga foleni anaelewa sikio ni la nini. Ni rahisi kusema dharura ni kile kinachoua, na kwa kipimo hicho uziwi hautakuwa dharura kamwe. Kliniki hii haikuishia hapo. Mtu aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo aliwekwa ngazi ya pili, ya wiki chache, kwa sababu baada ya ugonjwa huo koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono, inaweza kuanza kujaa mfupa mapema sana, na ikishajaa, njia ya kupitishia waya za kipandikizi, kifaa kinachopandikizwa ili kumwezesha kiziwi kusikia, hupotea au huwa finyu mno. Watoto wachanga waliozaliwa viziwi na kuandaliwa kupewa kipandikizi hawakutupwa mwisho pamoja na watu wazima. Mtoto wa namna hiyo hafi kwa kungoja mwaka, lakini mwaka huo ukipita katika umri ambao ubongo unajifunza sauti, hauwezi kulipwa. Ndiyo maana miongozo ya usikivu wa watoto hulenga mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, athibitishwe kabla ya miezi mitatu na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita. Najua kwamba familia nyingi hulea watoto wao kwa lugha ya alama na huwalea vyema; ninachosema ni kwamba familia iliyochagua njia ya kipandikizi haikupaswa kunyang'anywa njia hiyo na kalenda, na kliniki ililielewa hilo.

Binti yangu alikuwa na kolesteatoma. Jina linatisha kuliko maelezo yake: ni ngozi iliyoota mahali pasipo pake, ndani ya sikio la kati, na kwa kuwa ngozi hujivua kila siku, mabaki yake hurundikana pale yasipate pa kutokea. Si saratani. Lakini rundo hilo linapokua huoza, hutoa usaha wenye harufu ambayo mama akiisikia mara moja haisahau, na hulainisha na kula mfupa unaolizunguka: kwanza vile vifupa vitatu vya kusikia, nyundo, fuawe na kikuku, kisha kuta zinazolinda mshipa wa fahamu wa uso, viungo vya mizani ya mwili na ubongo. Kwa watoto hukua kwa kasi kuliko kwa watu wazima. Dawa za matone hupunguza usaha kwa muda lakini haziliondoi. Wapo ndugu walioniambia, kwa nia njema, kwamba sikio la kufa halisikii dawa na nisijisumbue. Sikio lile halikuwa la kufa. Lilikuwa na ugonjwa usiosikia dawa ya matone kwa sababu unahitaji kuondolewa kwa mkono.

Aliwekwa ngazi ya tatu, ya kungoja hadi miezi mitatu, kwa kuwa picha yake ya CT ya mwezi Februari haikuonyesha mfupa muhimu ulioliwa. Niliridhika kwa shingo upande. Kilichonituliza ni kwamba muuguzi alipangiwa kutupigia simu kila baada ya wiki mbili, na alipiga kweli. Simu ya tatu, katikati ya Mei, ndiyo ninayoikumbuka neno kwa neno. Baada ya kuuliza habari za usaha na homa, aliuliza, "Mama, mtoto akijibonyeza sikio, anaona chumba kinazunguka?" Nilitaka kujibu hapana. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi ya siku iliyotangulia alikuwa akijikausha kwa taulo baada ya kuoga, nikamkuta ameshika beseni la kunawia kwa mikono miwili, macho ameyafumba, naye akaniambia ameteleza. Nilimwita, nikamwomba abonyeze kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, taratibu. Akabonyeza, akayumba, akanishika nguo. "Mama, ukuta unakwenda."

Muuguzi alinyamaza kidogo, akaniambia nisimwache abonyeze tena, na kabla ya jioni daktari alikuwa amenipigia. Siku mbili baadaye CT mpya ilionyesha kwamba kolesteatoma ilikuwa imetoboa ukuta wa mfereji mmoja wa nusu duara, kiungo cha mizani ya mwili kilicho ndani ya sikio, ambako maambukizi yakiingia mtu anaweza kupoteza usikivu wote wa sikio hilo, au yakasonga mbele hadi kwenye utando wa ubongo. Alipandishwa ngazi ya pili palepale na kufanyiwa upasuaji siku ya tisa baada ya simu ile. Nimeeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hapa ndipo penye thamani yote ya huduma hii. Uamuzi wa Aprili haukuwa na kosa. Hali ndiyo iliyobadilika, na mabadiliko hayo yalionekana kwa sababu tu kuna mtu aliyelipwa mshahara wa kuuliza swali sahihi kwa simu. Kama orodha ingepangwa mara moja ikafungwa, binti yangu angebaki ngazi ya tatu katika karatasi huku ugonjwa wake ukiwa wa ngazi ya pili kichwani.

Maandalizi yalikuwa makali lakini yalielezwa kwa subira. Tulijifungia ndani kuanzia siku tuliyopewa tarehe, mtoto akachukuliwa kipimo cha PCR saa 48 kabla, na mzazi mmoja tu aliruhusiwa kuingia. Daktari alinionyesha katika simu yake picha ya plastiki angavu waliyokuwa wakiishusha kutoka kwenye hadubini mpaka kichwani mwa mgonjwa, mfano wa hema dogo, mikono ya daktari ikiingia ndani yake ili ukungu wa keekee ubaki humo. Aliniambia wazi kwamba miwani ya kujikinga huliweka jicho mbali na lenzi ya hadubini, hivyo eneo analoliona hupungua, na kwa hiyo wangekwenda polepole na kutumia keekee pale tu isipoepukika. Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko tulioambiwa kabla ya janga, na sikuona sababu ya kulalamika.

Baada ya upasuaji niliona mambo mawili madogo, moja zuri na moja baya. Zuri ni la muuguzi wa wodi. Kidonda kilikuwa nyuma ya sikio, na barakoa za kawaida hushikwa kwa mipira inayopita papo hapo. Kila mtoto alipovaa, mpira ulikata juu ya bendeji. Muuguzi huyo alileta kitambaa cha kufunga kichwani alichokishonea vifungo viwili, kimoja kila upande, ili mipira ishike kwenye vifungo. Alikuwa ameshona kadhaa nyumbani kwake. Baya ni kwamba wodi ya masikio, kati ya sehemu zote, haikuwa na utaratibu wa kuzungumza na wasiosikia huku midomo imefunikwa. Mmoja alikuja upande wa sikio zima na kuandika kwenye ubao mdogo. Mwingine alimwita binti yangu mara tatu kutoka upande wa bendeji, kisha nikasoma katika faili lake kwamba ni mzito kuitikia. Niliomba maneno hayo yafutwe, yakafutwa, lakini hayakupaswa kuandikwa.

Sasa nije kwa kaka yangu, ambako tathmini yangu inabadilika. Kumweka ngazi ya nne kulikuwa sahihi, naye mwenyewe alikubali. Otosklerosisi, yaani huko kuganda kwa kikuku, huenda polepole, na kuchelewesha upasuaji wake hakukuwa na hatari. Lakini alichopokea ni barua ya mistari miwili, kwamba upasuaji umeahirishwa na kwamba ataarifiwa, kisha kimya cha miezi 14. Hapakuwa na simu ya kila wiki mbili, wala ya kila miezi mitatu, wala jina la mtu wa kuulizia. Katika muda huohuo kila aliyezungumza naye alikuwa amevaa barakoa, na mtu anayesoma midomo bila kujua kwamba anaisoma hugundua siku inapofunikwa. Kazi yake ni ya kuzungumza na watu. Aliacha kupokea simu, kisha akaacha kula mezani pamoja nasi tulipokuwa na wageni, kwa sababu alichoka kucheka pale alipoona wengine wanacheka.

Kinachoniuma ni kwamba tiba ya muda ilikuwepo. Uziwi wa aina yake, ambao sauti inakwama njiani kabla ya kufika kwenye koklea, kwa kawaida husaidiwa vizuri na shimesikio, kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti. Hakuna aliyempa. Mwezi wa kumi na moja wa kungoja niliuliza mimi mwenyewe, nilipompeleka binti yangu kukaguliwa kidonda, na ndani ya wiki moja kaka yangu alipimwa na kuvishwa kifaa kilichokuwa tayari kabatini. Hakikuhitaji chumba cha upasuaji, wala nusukaputi, wala mashine ya kupumulia. Kama ngazi ya nne ingepewa hata robo ya uangalizi waliopewa wa ngazi ya tatu, angekivaa tangu mwezi wa kwanza. Simlaumu muuguzi yeyote, kwa kuwa niliona walivyokuwa wachache. Nalaumu mpango uliochukulia kwamba anayeweza kungoja hahitaji kitu chochote anapongoja.

Juni 2021 hatimaye alipigiwa simu, akapewa tarehe ya Julai, kisha akaugua UVIKO-19 wiki tatu kabla yake. Hapo tena kliniki ilirudi katika ubora wake: walimweleza kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa Machi mwaka huo ulionyesha ni salama zaidi kungoja angalau wiki saba baada ya maambukizi, wakampa tarehe mpya simu ikiwa bado haijakatwa, na Septemba alifanyiwa upasuaji. Binti yangu, kwa upande wake, hakufunguliwa sikio mara ya pili kama ilivyokuwa desturi kwa wengi. Mwaka mmoja baadaye alifanyiwa MRI ya aina inayoweza kutambua mabaki ya kolesteatoma, na hayakuonekana. Ataendelea kukaguliwa, kwa sababu ugonjwa huo hurudi. Mizani yake imetulia. Usikivu wa sikio la kushoto umebaki pungufu, na tulijua mapema kwamba ingekuwa hivyo.

Kwa upangaji wa foleni na kwa simu zile za kila wiki mbili naipa kliniki alama zote. Kwa utunzaji wa walioahirishwa naipa alama ndogo, na ningemshauri yeyote anayewekwa nyuma katika orodha ya namna hii, kabla hajakata simu, aulize tarehe ambayo hali yake itaangaliwa upya, nambari ya kupiga ikiwa dalili zitabadilika, na kifaa gani anaweza kutumia kwa sasa. Mambo hayo matatu niliyaandika katika barua kwa uongozi, nikaambatanisha ile barua ya mistari miwili. Walijibu kwa heshima, na barua za kuahirisha zinazotolewa sasa zina nambari ya simu ya muuguzi na aya kuhusu shimesikio. Tarehe ya kuangaliwa upya bado haimo, na nimewaandikia tena.